Rehani ya Mzee Ambangile

Atuganile Mwakibete hakuwa na cheti cha shule. Hakuwa na mume, maana aliyekuwa naye aliondoka kwenda kutafuta mji ulio juu, akaupata, asirudi. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na kaka, hakuwa na sauti katika mkutano wa kijiji, na tangu mwaka juzi hakuwa na mtoto. Yote hayo alikuwa amejifunza kuishi bila kuwa nayo, kama mtu mwenye jino bovu anavyojifunza kutafunia upande mmoja. Lakini sasa alikosa kitu ambacho hakikuwa na upande wa pili. Hakuwa na mdhamini.

Bila mdhamini hakuna kadi ya maktaba. Bila kadi hakuna kitabu. Na bila kitabu, feni tatu zilizokuwa zikifyonza pumzi ya mlima kutoka bonde la Isumba zingesimama moja baada ya nyingine, kwa kuwa fundi aliyezijua alikuwa amekwenda kaburini na ujuzi wake wote.

Pumzi ya mlima haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa; hutoka kwenye nyufa za miamba na kutambaa chini kama maji yasiyoonekana, ikijaza kila shimo inalokutana nalo. Ndiyo maana kila nyumba ya Isumba ilikuwa na koroboi iliyoning'inizwa usawa wa goti, na mtoto alifundishwa kuitazama kabla ya kufundishwa kuhesabu. Ikizimika, panda. Panda kitanda, panda meza, panda mti, usiulize. Tusekile, binti wa Atuganile, alikuwa na miaka sita alipoufuata mpira wake mgombani, mahali ambapo hapakuwa na koroboi. Walimkuta amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, kama mtu aliyechoshwa na michezo.

Gari la maktaba lilipopita kijijini kupima vichwa, ni kichwa cha Atuganile peke yake kilichoonekana kinaweza kushika kitabu. Watu wakampongeza. Alipoanza kupiga hodi kuomba udhamini, watu wakaanza kuumwa.

"Kijiji kinakuunga mkono kwa asilimia mia," alisema mwenyekiti Mwakatobe. Akakohoa kidogo. "Lakini kichwa, mama, ni mali ya mtu binafsi."

Mwisho alifika kwa Mzee Ambangile Kasebele, mwashi mstaafu, mjane, aliyekuwa akipiga lipu ukuta wa jirani kwa sababu hakuweza kuutazama ukuta uliopinda bila kuugua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Mbona umesimama kama mdai?"

"Nina ombi. Natafuta mdhamini wa..."

"Nimekubali."

"Baba, hujasikia ni wa nini."

"Nikisikia kwanza, hiyo si dhamana. Ni biashara." Akachota saruji kwa mwiko, akaipiga ukutani. "Shika ndoo hiyo. Mchanga umezidi."

Sauti aliyotumia kusema maneno hayo ya mwisho haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba na kali kidogo, na ndivyo mkewe Ikupa, aliyemchanganyia saruji maisha yake yote ya kazi, alivyokuwa akimkemea. Ikupa alikuwa amefariki siku nyingi, lakini mzee hakuwa ameacha kukemewa.

Kukubali kabla ya kusikia ilikuwa desturi ya zamani ya bonde lile. Zamani kila mtu aliifuata. Siku hizi ilikuwa imebaki kwa wazee wachache, kama meno yao.

*

Maktaba ya Umma ilikuwa juu kabisa ya jiji, mahali ambapo watu hawakuhitaji koroboi. Ndani hamkuwa na karatasi. Palikuwa na rafu ndefu za chupa ndogo nyeusi, kila moja kitabu, na madirisha ya makarani, na ukimya wa hospitali.

Karani wa dirisha la wanachama wapya aliitwa Eusebia, mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kwa uzi. Alimkalisha Atuganile kwenye kiti, akapaka dawa ya ganzi nyuma ya sikio lake la kulia, akaipachika kadi chini ya ngozi. Haikuzidi ukucha wa kidole gumba.

"Masharti ni haya," alisema, kama mtu aliyekwisha kuyasema mpaka hayasikii tena. "Kitabu kitakaa kichwani mwako wiki mbili. Utakitumia kwa mikono yako, lakini hutamfundisha mtu, hutaandika, hutachora. Kilichoazimwa hakiazimishwi. Siku ya kurudisha, kabla ya saa sita mchana, unabonyeza kadi unasema 'Narudisha', nacho kinatoka pamoja na yote yaliyoshikamana nacho. Ukikitaka tena, unapanga foleni. Kwa hiki cha feni, foleni ni miaka mitatu."

"Miaka mitatu!"

"Mabonde ni mengi, dada." Akamgeukia mzee. "Sasa mdhamini. Unaweka rehani kumbukumbu. Wengi huweka ndogo: matokeo ya mpira, nyimbo za matangazo ya sabuni. Jana mmoja ameweka sura ya mwenye nyumba wake wa zamani, akaondoka anacheka."

"Na kubwa ni ipi?"

"Ipo rehani ya uzito kamili, lakini sikushauri, baba yangu." Hapo Eusebia alivaa miwani yake na kumtazama vizuri. "Ukiweka ndogo, siku ikipita tunakinyofoa kitabu kwa nguvu na ile ndogo inapotea. Basi. Ukiweka ya uzito kamili na huyu asirudishe, tunahesabu kwamba kitabu kimenunuliwa. Kinakuwa chake maisha, kufuli inafunguka, atamfundisha amtakaye. Na rehani yako inakuja kwetu. Tunaipanga rafuni, mwenye kadi yeyote anaiazima."

Mzee Ambangile alivua kofia.

"Mwanangu, kwenu akija mgeni mnamchinjia nini?"

"Tukiwa nacho, jogoo."

"Hamumpi kifaranga?"

"Hapana, baba."

"Huyu alikuja mlangoni kwangu kuomba. Nimpe matangazo ya sabuni?" Akaweka mkono juu ya meza, kiganja juu. "Andika Ikupa. Mke wangu, marehemu. Mwandike mzima mzima, tangu siku ya kwanza mpaka udongo."

Atuganile alimvuta koti. "Baba, tafadhali. Weka mpira."

"Nyamaza, binti. Unaniaibisha mbele za watu."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, nalo lilikuwa kosa la adabu. Mtu wa jiji angeweka takataka na kwenda zake. Mzee Ambangile alikuwa amelelewa kuamini kwamba anayetoa kilicho duni wakati ana kilicho bora amemtukana aliyemwomba. Eusebia alimwingiza uzi wa mizani nyuma ya sikio, mwembamba kama unywele. Mshale wa mizani ulipanda, ukaipita alama, ukakaa huko.

"Uzito umetosha na kuzidi," alisema karani, kwa sauti ndogo.

Mzee alivaa kofia yake, ameridhika. "Nilijua."

*

Atuganile alishuka ngazi za maktaba akiwa anajua. Hakuhisi chochote kigeni. Ilikuwa kama kukumbuka wimbo wa utotoni. Feni moja ilikuwa ikizunguka kwenye ukuta wa duka la mkate, naye akajua kwa sauti yake tu kwamba beringi ya nyuma haina grisi.

Kijijini alifanya kazi mpaka mikono ikachubuka. Alifungua Feni ya Kwanza akabadilisha mkanda. Alinyoosha shafti ya Pili. Ya Tatu, iliyokuwa chini kabisa, mgombani, aliifumua yote na kuipanga upya, na ilipowaka alitundika koroboi kwenye mgomba ule ule uliokuwa karibu na Tusekile. Mwali ulisimama wima. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye spana.

Lakini mlima haukai. Leo hupumua kwa nguvu, kesho kwa upole, na mapangaboi ya feni lazima yageuzwe kuufuata, la sivyo shafti hutetemeka hadi ikakatika. Alikuwa akiyageuza kila asubuhi. Baada ya wiki mbili angeyageuza nani?

Aliwaita mafundi baiskeli wawili wa pale sokoni.

"Tazameni. Mkisikia inaguguma hivi, mnakuja hapa, halafu..." Ulimi ukalala. Ulikuwa mzito kama umechomwa sindano ya ganzi, na mate yakamtoka pembeni mwa mdomo. Alipoinama kuchora chini kwa kijiti, vidole vikakiachia.

"Mama Tuse, pole. Kaa kivulini," alisema mmoja wao.

"Siumwi!" alifoka, na maneno hayo yakatoka bila shida yoyote.

Habari za rehani ya uzito kamili zilifika kabla ya siku ya kurudisha, maana katika Isumba habari ndiyo kitu pekee kilichokuwa chepesi kuliko hewa. Mwakatobe akaitisha mkutano.

"Sioni tunajadili nini," alisema. "Dada asirudishe. Kitabu kitakuwa chetu, atawafundisha vijana, bonde limepona. Mzee ameshatoa."

"Hakutoa," alisema Atuganile. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema mkutanoni. "Aliweka. Anamwambia Ikupa kila siku habari za kazi yake. Mnataka nimwingilie nyumbani kwake nimwue mke wake?"

"Marehemu hafi mara mbili, mama."

"Wewe hujafiwa, mwenyekiti," alisema mwanamke mmoja kutoka nyuma, bila kunyanyuka. "Ungejua kwamba anakufa hata mara kumi."

Wote walimgeukia Mzee Ambangile. Yeye alikuwa ameketi kwenye jiwe, akikwangua saruji kavu kwenye kucha.

"Msiniulize mimi," alisema. "Jogoo akishachinjwa, mwenyeji hamwombi mgeni arudishe paja."

Watu wakacheka, wakapata nafuu. Atuganile hakucheka. Alikuwa amemwona mzee, wakati wa kicheko kile, akigusa nyuma ya sikio lake kama mtu anayehakikisha funguo bado ziko mfukoni.

Mkutano ulipokwisha alimfuata.

"Baba, nitarudisha. Nimeamua."

"Na ile Feni ya Tatu?"

"Tutahama."

"Kwenda wapi? Kule juu wanauza ardhi hatua kwa hatua, na hapa hakuna mwenye bei ya kuweka hata mguu mmoja." Akatembea kidogo. "Sitakuambia rudisha, sitakuambia usirudishe. Ningesema rudisha, ningekuwa nimetoa kwa mkono huu nikachukua kwa huu. Ningesema usirudishe... Hilo nalo mdomo umelikataa, binti. Na mimi sina kufuli ya maktaba."

*

Siku ya kurudisha, tangu asubuhi, kadi ilikuwa ikimwasha nyuma ya sikio. Atuganile alikuwa mgombani na mzee, ambaye alikuwa akiijengea Feni ya Tatu msingi mpya ili isitetemeke. Alikuwa amepanga kwamba wakimaliza mstari ule wa mawe atabonyeza.

Kabla ya adhuhuri mlima ulivuta pumzi. Sauti ya feni ikashuka, ikapanda, ikaanza kuguguma. Koroboi ya kwenye mgomba ikainama upande mmoja, ikawa ya bluu.

Aliingiza mikono yote miwili kwenye kizimba cha feni na kushika mshikio wa mapangaboi. Alijua pembe. Alijua pia kwamba akiuachia mshikio ili kubonyeza kadi, akasema neno lile, atabaki ameshika chuma asichokifahamu, na mwali ule utazimika, na ule wa nyumba ya kwanza, kisha ya pili. Asije mtu akamsingizia kwamba alisahau saa. Alikuwa anaihesabu.

"Shika taa, baba!"

"Ninayo." Mzee alipanda juu ya mawe, akainua taa, na kwa kuwa alikuwa mtu ambaye woga humfanya azungumze, akaanza kuzungumza. "Usitetemeke. Ikupa naye siku ya kwanza kumleta kazini mikono ilikuwa inamtetemeka. Nilimwambia achanganye tatu kwa moja. Akautazama mchanga, akanitazama mimi, mbele ya mafundi wote akaniambia..."

Kule shuleni kengele ya saa sita ililia.

Mshikio uliingia mahali pake. Feni ikashika mwendo. Mwali wa koroboi ukasimama, ukawa wa njano. Kadi iliacha kuwasha, na kitu fulani kilichokuwa kimefungwa nyuma ya ulimi wa Atuganile kikafunguka, laini, kama fundo la kamba iliyolowa.

"Akakuambia nini, baba?" aliuliza, bila kugeuka.

"Nani?"

Aligeuka. Mzee alikuwa amesimama juu ya mawe, taa mkononi, uso wake mtulivu kabisa.

"Nilikuwa nasema nini?" aliuliza. "Ah. Tatu kwa moja. Ndiyo. Tatu kwa moja inatosha."

*

Hakuna aliyekufa Isumba msimu ule. Atuganile aliwafundisha mafundi baiskeli wawili, nao wakawafundisha wengine, na wajumbe kutoka mabonde ya jirani wakaja na madaftari, wakala, wakaandika. Mwakatobe alimchinjia Mzee Ambangile mbuzi mbele ya kijiji kizima. Mzee alikula vizuri, akashukuru, kisha akamnong'oneza Atuganile, "Nimefanya nini?"

Walimwambia. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa ukoo mwingine, akasema, "Maskini. Alikuwa mtu mzuri inaelekea." Gauni lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango wake alilipeleka kwa mwenyekiti, akidhani kuna mtu amelisahau.

Kilichomshinda kilikuwa saruji. Aliendelea kujenga, na kila alipochanganya alisimama na mwiko hewani, kichwa kimeinama kidogo, akisubiri. Hakuna aliyejua anasubiri nini, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutojua. Baadaye alichoka kusubiri, akachota, akapiga. Ukuta ukikauka ulimomonyoka kwa kidole. Mchanga ulikuwa umezidi.

Taarifa ya maktaba ilikuwa imemfikia Atuganile kupitia kadi, kwa sauti ya Eusebia: *Deni limefidiwa. Jina lako ni safi, maktaba haina kinyongo. Ikupa, juzuu moja, amepangwa rafu ya Wenza.* Na baada ya hapo, kwa haraka, kama mtu anayezungumza wakati bosi ametoka: *Dada, mwenye kumbukumbu akiazima ya kwake mwenyewe kichwa hakipimwi, inajiingiza. Lakini anahitaji kadi. Na kadi inahitaji mdhamini.*

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakusema anayelipa ni nani.

Alimkuta mzee kwenye ukuta uliokuwa umeanguka.

"Baba, nataka upate kadi ya maktaba. Mimi nitakudhamini."

"Nimekubali," alisema mzee. Kisha akauliza, kwa sababu safari hii yeye hakuwa mdhamini, na kuuliza kuliruhusiwa, "Ni ya kusoma kitabu gani?"

"Kinamhusu mwanamke aliyekuwa anachanganya saruji."

"Heri," alisema, akiutazama ukuta. "Labda nitajifunza. Hii imenishinda."

Kwa aliyekwisha kupachikwa kadi, maktaba iliupokea udhamini kwa barua tu, karatasi iliyofungwa kwa lakiri na kugongwa dole gumba. Atuganile alikaa mezani kwake. Jina la mwombaji, Ambangile Kasebele. Kitabu, Ikupa. Rehani.

Angeweza kuandika nyimbo za sabuni. Zingetosha. Mzee angekaa na mkewe wiki mbili, kuta zake zingesimama wima wiki mbili, na siku ya mwisho saa sita mchana wangemnyofoa Ikupa kwa nguvu, naye angebaki na mwiko hewani. Au angeweza kuandika kile kingine, na mzee angekuwa na uwezo wa kuchagua. Asiporudisha, Ikupa angekuwa wake mpaka kaburini.

Na Atuganile angepita karibu na mgomba ule, aone koroboi imetundikwa pale, na kujiuliza ni nani aliyeona haja ya kutundika taa mahali kama hapo. Hangeweza hata kumlaumu mzee. Hangejua amlaumu kwa lipi.

Alikikumbuka kile kiganja chini ya shavu. Aliukumbuka mpira. Akakumbuka vile Tusekile alivyokuwa akiita koroboi "kadada", akiiaga kila alipotoka nje.

Akaandika: *Tusekile. Mzima mzima, tangu kuzaliwa mpaka udongo. Uzito kamili.*

Alikunja karatasi. Akapiga magoti kando ya koroboi, akaipasha lakiri juu ya mwali mpaka ikadondoka nyekundu kwenye mkunjo, akaigandamiza kwa dole gumba huku bado ina moto, na hakuliondoa haraka.

Lori la chai lilikuwa limesimama barabarani, injini ikinguruma. Dereva aliipokea barua dirishani, akaipimapima kiganjani.

"Nyepesi hii, dada. Unapeleka nini huko maktaba?"

"Jogoo," alisema Atuganile.

Dereva akacheka, akaichomeka juu ya kioo, akatia gia.